Kilima Kisicho na Makaburi

Benchi la kijiweni liliegemea ukuta wa kiwanda cha saruji, na kahawa ya pale ilinywewa pamoja na vumbi lake. Fundi Baiskeli alikuwa ametandaza magotini nakala mbili za ramani za zamani za mji. Jumatatu kiwanda kitachimba kilima cha nyuma kijenge ghala, na mama yake kazikwa huko. Fundi kaambiwa alete ramani inayoonyesha makaburi, ndipo aruhusiwe kumhamisha. Mzee Futi, mstaafu wa upimaji wa ardhi, alijibanza pembeni, roho mkononi.

— Ya kwanza ni pori tupu, ilichorwa mama yu hai bado, alisema Fundi. Ya pili, kiwanda kimo, reli imo, hata choo cha stesheni kimo. Makaburi hamna!

— Mende hao, alisema Redio, kinyozi. Wanapenda wino.

— Mende gani anakula makaburi, anaacha choo? aliuliza muuza kahawa.

— Basi wachoraji walihongwa. Tena nasikia kilima chenyewe si kile. Walikizoa kwa malori, wakamwaga kingine.

— Na maiti?

— Walihama wenyewe. Wewe ungelala na moshi ule?



— Redio, huyo ni mama yangu.

— Nisamehe, ndugu yangu. Nimepitiliza.

Fundi akamgeukia Mzee Futi.

— Mzee wetu, umeshika futi miaka thelathini. Hebu tusaidie.

— Ramani za zamani zina mambo, mwanangu.

 Mzee aliikumbuka mvua ya siku ya kupima ile ramani ya pili, na njia ya kilimani iliyogeuka tope. Bosi aligoma kushuka garini. Alisema wanakili tu mistari ya mwinuko kutoka ramani ya kwanza, kwani kilima hakiendi popote. Futi alijua juu kuna makaburi mapya. Alifurahi kutolowa, akanyamaza.

Dada yake Fundi akafika, macho yamevimba kwa kulia. Akaziinamia zile karatasi, kisha akamtazama mzee.

— Shikamoo, baba. Mimi haya mambo siyajui. Kwani siku ya kupima, nani alipanda kule juu?

 Fundi akageuka, akamngoja mzee.

Mzee Futi hakuweza hata kuitikia ile shikamoo.