Bi Huenda na Kikombe cha Bluu

Wazee wetu, majirani na nyote mliofika, haya ndiyo maisha ya dada yetu mkubwa, tuliyemzoea kwa jina la Bi Huenda, na yanasomwa kama alivyoagiza mwenyewe, yaani bila kuzungukazunguka na bila kuuruka ugonjwa wake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1986, na walimu walilalamika kwamba huuliza swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa, tabia ambayo hakuna aliyefanikiwa kumwachisha.

Baada ya stashahada ya maabara aliajiriwa hospitalini tarehe 2 Januari 1991, chumba cha mwisho cha korido, kazi yake ikiwa kugandisha vinyama, yaani vipande vidogo vilivyokatwa miilini mwa wagonjwa, ndani ya nta, kuvikata vyembamba kuliko karatasi na kumwandalia daktari avitazame kwa hadubini. Huko ndiko alikopata jina, kwa sababu walipokuwa wakichunguza kama virusi vina mkono katika saratani ya titi, na mkuu wake akataka ripoti iseme moja kwa moja kwamba vinasababisha, alikataa katakata kuigusa mpaka liandikwe neno "huenda", maana alama za virusi zilionekana kwenye baadhi ya vipande, vingine havikuwa na kitu, na yeye hakuwa mtu wa kumdanganya mgonjwa.

Aliolewa tarehe 9 Septemba 1995 na fundi umeme wa hospitali hiyo hiyo, ambaye taa moja ya maabara ilimchukua wiki tatu kuitengeneza, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mwaka 1997 na mwingine mwaka 2001, wote wabishi kama mama yao.

Mwezi Mei 2019 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji mwezi Julai, na kinyama chake mwenyewe akakitoa kwa uchunguzi ule ule wa virusi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilikuwa la mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma sasa. Alisikia "virusi", lile "huenda" likampita, akamtengea dada yake kikombe cha bluu, akakiandika jina lake kwa rangi ya kucha, na haikupita mwezi majirani wakawa hawanywi hata maji nyumbani kwake. Marehemu hakulia, aliwaita wote sebuleni, akanywa chai nusu kikombe, akakisukuma mbele ya mdogo wake.

"Kama kirusi kimo, huenda," alisema. "Kwamba saratani haiambukizwi kwa kikombe, hilo halina huenda. Kunywa."

Mdogo wake alisema chai imepoa, akainuka akaenda zake, na aibu hiyo ameibeba mpaka leo.

Marehemu alirudi kazini akiwa amefunga kilemba chekundu, akakata vinyama vya wagonjwa wenzake miaka mitatu zaidi, mpaka ugonjwa uliporejea mwaka 2022, na alifariki tarehe 6 Februari 2023, saa nne asubuhi, hereni zikiwa masikioni. Wapo ndugu waliotaka isomwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Hapana, aliugua saratani ya titi, na hakuna wa kumwonea haya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chumba cha mwisho wanaoendelea kutafuta jibu, majirani waliorudi mapema, na ninyi mliochelewa, karibuni, vikombe ni vile vile.

Kikombe cha bluu kipo hapa mezani, dada, kina chai, imepoa, na mdogo wako anakunywa sasa, mbele ya watu wote.

Pumzika kwa amani, na hilo nalo halina huenda.