Mzee Mnanisikia na Kitufe cha Kutoka

Baada ya miaka kumi na tisa ya kuuliza "Mnanisikia?", mwanzilishi na mkurugenzi wa chuo chetu cha mtandaoni anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni. Saa hiyo tumeiandika kwa penseli. Wafanyakazi wake tunamjua: Mzee Mnanisikia hajawahi kutoka darasani kwa saa iliyopangwa, wala hajawahi kutoka kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, karani wa wanafunzi, kwa sababu wenzangu wanadai siku hizi kinywa changu kimejaa asali. Sikatai. Niliolewa miezi miwili iliyopita, na mume wangu ni fundi mitambo wa chuo hikihiki, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiona mapenzi hata kwenye waya wa chaja.

Mzee alianza na kibanda cha fotokopi mkabala na lango la chuo kikubwa. Kila jioni walimjia wauguzi, madereva na mafundi cherehani kutoa nakala za notisi za mihadhara ambayo hawakuihudhuria, maana walikuwa kazini. Mzee akajiuliza: ikiwa notisi zinaweza kumfuata mtu alipo, mwalimu anashindwa nini? Akauza mashine moja ya fotokopi, akanunua kompyuta mpakato, akapanga chumba kimoja juu ya duka la magodoro na kuifunga kamera kwenye mpini wa ufagio. Kisha akaajiri wahadhiri wawili wastaafu waliochoka kukaa nyumbani, na ambao wake zao walikuwa wamechoka zaidi.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa muuza magodoro wa hapo chini. Dari ilikuwa ya mbao nyembamba, kwa hiyo alilisikia somo moja kwa moja kutoka juu, halafu akalisikia tena kwenye simu baada ya muda kidogo. Wiki ya kwanza tu alilalamika: "Mzee, maneno yako yananijia mara mbili!" Mzee akamjibu kwamba basi asiwe na kisingizio cha kufeli. Na kweli hakufeli. Alihitimu wa kwanza, akawa mhadhiri wa masoko, na hadi leo mifano yake yote ni ya magodoro.

Sasa nifike kwenye jambo lililokijenga chuo hiki na likakaribia kukivunja. Mzee alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha kwamba mwenyeji haondoki akawaacha wageni sebuleni. Kwa Mzee, darasa la mtandaoni ni sebule, naye ndiye mwenyeji. Kwa hiyo somo likiisha husema, "Haya jamani, kwaherini," halafu hukaa palepale akitabasamu, akingoja wanafunzi wabonyeze kile kitufe chekundu cha kutoka. Kwa bahati mbaya wanafunzi wetu nao wana bibi zao. Wamefundishwa kwamba mdogo hamgeuzii mkubwa mgongo; mkubwa hutangulia. Nao wakajibu, "Kwaheri Mzee," wakakaa palepale wakitabasamu.

"Tangulieni, wanangu."

"Hapana Mzee, tangulia wewe."

"Nitatangulia vipi nami ndiye mwenye nyumba?"

Hakuna aliyetoka. Watu walipika, wakakunja nguo na kunyonyesha mbele ya kamera, kila mmoja akiwa na adabu zake timamu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mzee, alipoona wageni hawaondoki, aliwapa mada nyingine. Hivyo ndivyo kozi ya miezi sita ilivyofundishwa yote kwa majuma machache, na wahitimu wetu wakasifika mjini kwa kujua mambo ambayo hayamo kabisa kwenye mtaala.

Ni adabu hiyohiyo iliyotupatia ithibati. Mkaguzi wa elimu ya juu aliingia darasani kutoka ofisini kwake, uso umekunjamana, akiwa amekwisha kusema kwa watu kwamba chuo kisicho na viti si chuo. Somo likaisha, kwaheri zikaanza. Mkaguzi naye akaona haya: atoke vipi kabla ya wenyeji wake, tena mtu mzima mwenye tai? Alikaa. Walinzi wa ofisi yake wakafunga milango, wafagiaji wakapita nyuma yake na ndoo zao, naye bado amekaa. Aliokolewa na kompyuta yake ilipoishiwa chaji. Katika taarifa yake aliandika kwamba hajapata kuona chuo kinachopendwa hivi, ambacho wanafunzi wake hukataa kurudi nyumbani.

Baada ya ithibati wanafunzi walimiminika kama siafu. Mzee akahamishia ofisi yake nyumbani, kwenye chumba kinachopakana na chumba cha kulia, ili, kama alivyomwambia mkewe, awe karibu na familia. Mkewe, ambaye sisi sote tunamwita Mama Chuo, alifurahi akapika. Akaandaa meza, akangoja. Upande wa pili wa ukuta alimsikia mumewe akisema "kwaherini" tangu mchana hadi chakula kikaganda.

Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado mtu baki kwangu, jambo ambalo leo hata silielewi, alijaribu kusaidia. Alitega mtambo ufunge darasa wenyewe saa ikifika. Ulifanya kazi siku moja tu. Mzee alimpigia simu: "Kijana, umenifukuzia wageni kwa mashine?" Mtambo ukaondolewa. Badala yake ikaamuliwa kwamba fundi na karani wawe wanabaki na Mzee mpaka mwisho, wamsaidie kuaga. Nami ninaibariki siku iliyoamuliwa hivyo! Tulibaki, yeye katika kiboksi chake na mimi katika changu, na Mzee katikati kama mzazi anayechunga wachumba. Nilijifunza kuisoma nyusi yake ya kushoto. Aliponiposa, aliniposa mbele ya Mzee na wanafunzi mia mbili ambao hakuna aliyekuwa tayari kutangulia kutoka. Harusini Mzee alipewa heshima ya kufunga sherehe. Alisimama katika ukumbi mdogo, akauliza "Mnanisikia?", akaaga, kisha akakaa. Wageni nao wakakaa. Mimi na mume wangu tulitorokea mlango wa jikoni.

Wakati sisi tunaoana, Mama Chuo alikuwa amekwisha kupata njia yake. Alijiandikisha kama mwanafunzi, maana aligundua kwamba njia ya uhakika ya kuonana na mumewe ni kuwa na namba ya usajili. Alisoma stashahada ya uhasibu, akamaliza, akaanza ya ugavi. Katikati ya somo alikuwa akiinua mkono: "Mwalimu, utakula saa ngapi?" Naye Mzee alimjibu kwa heshima zote kwamba swali ni zuri na litajadiliwa mwishoni. Mwisho, kama mjuavyo, haukuwa unafika.

Mwezi uliopita ulifika. Darasa lote lilikuwa limekatika kwa hitilafu ya mtandao, tukabaki watu wanne: Mzee, Mama Chuo, fundi wangu na mimi. Mzee akasema, "Mwanafunzi uliyebaki, una swali?" Mama Chuo akasema analo. "Nimemaliza stashahada moja na nusu nikimngoja mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Nikisoma hadi uzamivu, nitakula naye?" Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mzee akasema uongo: "Sauti yako inakatika." Mama Chuo akajibu, "Haikatiki, Baba. Unanisikia mara mbili, kwenye kompyuta na ukutani."

Mimi nililia. Mume wangu anasema ilikuwa mafua, lakini na yeye alipenga kamasi. Kesho yake Mzee akatangaza kustaafu.

Utaratibu wa Ijumaa ni huu. Uenyeji wa darasa atakabidhiwa muuza magodoro, mkurugenzi wetu mpya. Kuanzia hapo Mzee atakuwa mgeni, na mgeni anaruhusiwa kutangulia. Hata bibi yake asingekuwa na neno. Kinachotutia wasiwasi ni kidole. Wiki nzima fundi wangu amekuwa akimfanyisha mazoezi, na kila mara kidole hufika juu ya kile kitufe chekundu, husita, kisha Mzee husema, "Kabla sijaondoka, niseme moja tu."

Kwa hiyo tumekubaliana jambo ambalo tunamwomba kila mfanyakazi na mwanafunzi alizingatie. Mzee akisema lake la mwisho, asiulizwe swali, hata zuri. Akiaga, tuitikie mara moja tu. Akishatoka, mtu asikimbilie kutoka, maana mgeni husindikizwa, na sisi tutamsindikiza kwa masikio. Mama Chuo ameahidi kuacha kipaza sauti chake wazi pale mezani. Tutanyamaza wote mpaka tusikie mlango ukifunguliwa, kisha kiti kikivutwa. Hapo mkurugenzi mpya atasema "haya", nasi tutazima kwa pamoja, ili asiwepo aliyetangulia.

Mzee wetu, ulitufundishia sebuleni kwako na hukumfukuza mtu. Asante kwa kila kwaheri uliyotuaga bila kuondoka. Uwe na afya, raha na usingizi wa mchana, na tunakutakia maisha mema upande ule wa ukuta. Tulikusikia miaka yote, Mzee. Sasa bonyeza, ukale.