Vidole vya Mzee Baridi

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika karakana ya magari ya hospitali yetu, fundi mkuu wa zamani anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Muda wake ulikuwa umebaki miaka miwili. Ameomba kuondoka mwenyewe, na amekubali sababu iandikwe kwenye tangazo hili kwa sharti moja: isipambwe.

Alianza kama mwosha magari. Mwaka wa tatu alikabidhiwa mipira ya rejeta, ile mirija inayopitisha maji ya kupoza injini, kwa sababu hakuna fundi aliyeitaka. Ni kazi ya kuinama na kulowa, na ikifanywa vizuri haionekani. Gari la wagonjwa likifika salama, anayesifiwa ni dereva.

Madereva walimwita Mzee Baridi kwa kuwa hakugusa injini ya moto. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla funguo hazijatoka ofisini, alifungua boneti za magari yote saba na kubonyeza mipira kwa vidole, wa juu na wa chini, hasa karibu na klipu. Mpira mzima husukuma kidole nyuma. Uliooza hubonyea kama tunda lililopitiliza kuiva. Macho hayasaidii sana hapo, maana mpira wa rejeta huweza kung'aa nje huku ndani umekwisha.

Si wote waliopenda kungojea. Dereva mmoja alimuuliza kama anakagua gari au anakanda unga. Mzee Baridi aliuchomoa mpira wa gari lake, akaupasua kwa kisu na kumwekea vipande viwili kwenye usukani. Ndani ulikuwa ukipukutika kama masizi. Dereva yule, ambaye leo ndiye mkuu wa madereva, anasema hakuuliza tena. Siku zilizofuata alikuja mapema kumshikia tochi.

Kubadilisha mpira kulikuwa na taratibu zake. Uliogandamana hakuuchokonoa kwa bisibisi, kwa kuwa shingo ya rejeta ni laini, aliukata. Aliisugua shingo, akavalisha mpira mpya na klipu zake, akajaza maji, akaiacha injini ipate moto, ikazimwa, ikapoa, ndipo akakaza klipu mara ya pili. Mafundi wawili walioruka hatua hiyo ya mwisho walioga maji ya rejeta na sare zao. Kwa karibu miaka thelathini, hakuna gari letu lililokwama na mgonjwa kwa sababu ya mpira uliopasuka. Tumepitia madaftari ya karakana, ndivyo yanavyosema.

Oktoba iliyopita likakwama. Gari namba nne lilipasuka mpira wa juu likipanda mlima, ndani yake akiwa bibi mmoja aliyeshindwa kupumua vizuri. Gari la pili lilichukua dakika arobaini kumfikia. Bibi alifika hai, na baada ya siku kumi na moja akarudi kwake. Mpira ule Mzee Baridi alikuwa ameupitisha asubuhi hiyohiyo.

Hakumlaumu dereva wala aliyeuza mpira. Aliomba aletewe, akabonyeza upande usiopasuka, akaona ni mzima. Akampa fundi msaidizi wake, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kwa miaka tisa. Kidole gumba cha binti kilizama. Mzee akauchukua tena, akafumba macho, akabonyeza. Hakuhisi kitu.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshaanza kuona. Tangu Agosti alimshuhudia akiipua sufuria bila kitambaa, akamtania kwamba ameolewa na mhunzi. Utani uliisha alipokuta malengelenge ambayo mwenyewe hakujua kuwa anayo. Daktari alisema ni kisukari, kimeshika mishipa ya fahamu, na vidole hivyo havitahisi tena.

Msaidizi wake alimtafutia njia. "Baba, mimi nitabonyeza, wewe saini tu. Nani atajua?"

"Nikisaini nisichokihisi, nimemdanganya dereva," alimjibu. "Na yule anayelazwa nyuma hana hata nafasi ya kuniuliza."

Wiki ileile aliandika barua ya sentensi nne kueleza kosa lake. Uongozi ukamhamishia stoo ya vipuri. Wanaofanya kazi huko wanasema kila shehena ya mipira ilipofika aliifungua, akaibonyeza mmoja mmoja, kisha akaipanga kwenye rafu. Mwezi Aprili akaomba kustaafu. Binti ndiye fundi mkuu sasa, na bado hajaruhusu gari lolote kutoka kabla hajafungua boneti.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Ijumaa saa nne asubuhi, uwanja wa karakana. Wengi mtataka kumpa mkono. Akiubana wenu kupita kiasi, vumilieni, hajui. Na mkewe ana ombi: mkishamshika, semeni naye neno, kwa kuwa mkono peke yake haumfikii.

Mzee Baridi, ahsante kwa asubuhi zote tulizokungoja tukinung'unika. Upumzike vyema na mama nyumbani. Tutakuja kukusalimu, na tutakusalimu kwa sauti.