Miguu Ile ni ya Nani?

Benchi lilikuwa chini ya dirisha la fundi cherehani, mbao zake zimelainika kwa kukaliwa miaka nenda miaka rudi. Wakaaji walikuwa walewale: Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna, Kinyozi, ambaye humwacha mteja na povu kidevuni aje kuchangia hoja, na Baba Saa, fundi wa saa, mume wa fundi cherehani huyo. Mchana huo wa Jumamosi jua lilikuwa limelegea kama mtu mwenye usingizi. Birika la kahawa lilikuwa juu ya jiko kando ya benchi, makaa yamefifia, kila mtu anajimiminia. Ndani, mwanamke alikuwa akishona upindo wa sketi, mguu ukikanyaga cherehani taratibu, masikio yote nje. Walikuwa wanabishana juu ya miguu yake, na hawakujua.

— Uso ni wa yule mwigizaji, sikatai, alisema Breki. Lakini ile miguu si yake.

— Umejuaje wewe? aliuliza Kinyozi.

— Ndugu yangu, mimi nimekula lami maisha yangu yote. Gari lililofungwa injini ya gari jingine nalijua kwa mlio.

Filamu yenyewe ilipigwa picha mwaka uliopita katika ukumbi wa zamani nyuma ya posta, na sasa ndiyo imefika sinema. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda kuiona. Ni hadithi ya mfua nguo, mwanamke aliyezoea kupita pembeni mwa kuta, anayejifunza rumba na chacha, zile dansi za Kilatini za watu wawili wawili, mpaka siku moja anaingia katikati ya ukumbi na taa zinamfuata yeye. Hapo kamera inashuka. Inaonyesha sketi nyekundu, nyonga, miguu, sakafu inayong'aa. Watu sinema nzima walikuwa wameacha kutafuna.

— Basi mimi niwape siri, alisema Kinyozi, akasogea. Ile ni miguu ya mwanamume.

— Acha wewe!

— Mcheza dansi mwanamume, amenyolewa. Ngozi iliyopitiwa wembe itanidanganya mimi?

— Hapo umechemsha, alisema Breki. Ile hata si miguu ya mtu. Imetengenezwa na kompyuta. Wanachukua kivuli chako, wanakitia umeme, kinacheza chenyewe wewe umelala kwako.

— Kivuli kina vidole?

— Kikitiwa umeme kinaota!

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Ndani, mwanamke naye aliuma mdomo. Kisha akamsikia mumewe akiingilia.

— Nyote mmekosea, alisema Baba Saa. Ni binti mdogo. Kazaliwa kwa walimu wa dansi, kalelewa kwa muziki. Miguu ile haijawahi kukanyaga cherehani hata siku moja.

Cherehani ikasimama.

Mwanamke huyu ndiye aliyeshona magauni na sketi zote za filamu ile. Vipimo vya mwigizaji vilikuwa karibu sawa na vyake, kwa hiyo kila vazi alilijaribu kwanza mwilini mwake, mbele ya kioo cha dukani, mlango umefungwa. Siku mwigizaji alipoteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi, mwongozaji wa filamu alibisha hodi dukani, akamkuta amevaa ile sketi nyekundu, pini mdomoni, akikagua mshono. Alimtazama, akamzunguka, akasema, "Dada, hebu tembea."

Mumewe alikuwa safarini, akimuuguza dada yake. Wiki ile yote mwalimu wa dansi, mzee mwembamba wa maneno machache, alimwekea kiganja nyuma ya bega na kumwambia jambo moja tu: "Usiombe radhi sakafu." Siku za mwanzo alikuwa akihesabu hatua kama mishono. Kisha mchana mmoja hesabu ikampotea. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamejaa mwanga wa rangi ya asali, muziki ukapita chini ya nyayo zake kama maji ya uvuguvugu, na nyonga zake, alizozoea kubebea watoto na ndoo, zikafanya jambo ambalo hakuzituma. Alishtuka. Akajiuliza, huyu alikuwa wapi siku zote? Huyu mwanamke kakaa kwangu miaka yote hii, anakula, analala, na mimi sijamsalimia?

Kazi ilipokwisha, mwalimu alimwambia kila Jumamosi mchana ana darasa palepale. Alijibu, "Nitaona." Tangu hapo Jumamosi zilikuja na kupita, yeye yuko dirishani.

— Na niwaambie ukweli, Baba Saa aliendelea, sauti imeshuka. Nilimwona yule. Nikasema, mtu kama huyu, kuishi naye kukoje?

Ndani, mwanamke aliishika sketi ya watu kwa mikono miwili. Alijikuta anaionea wivu miguu yake mwenyewe.

Ndipo akatokea muuguzi wa zahanati, bado na sare, amefuata hiyo sketi.

— Hamjambo kaka zangu. Ni ile filamu? Mimi nina swali dogo tu.

— Uliza, dada. Hapa hakishindikani kitu, alisema Breki.

— Pale kamera iliposhuka, uso hatukuuona. Yule aliyekuwa anacheza, alikuwa anacheka au analia?

Breki alimgeukia Kinyozi, Kinyozi akamgeukia Baba Saa. Baba Saa alikuna kidevu, akatazama angani kana kwamba jibu limeandikwa huko.

— Vyote viwili, ilisema sauti ya dirishani. Nilianza kucheka, halafu nikalia, halafu nikaona yote sawa tu.

Waligeuka wote kwa pamoja.

— Shemeji, alisema Breki taratibu, unatupiga kamba.

Mwanamke alitoka mlangoni, akampa muuguzi sketi yake iliyokunjwa vizuri, akafunga duka. Mumewe alikuwa amesimama bila kujua kama amesimama.

— Mke wangu. Ni wewe?

— Ni mimi.

— Mbona hukuniambia?

— Ningekuambiaje? Mwenyewe nilikuwa bado sijaamini.

— Sasa unakwenda wapi?

— Ukumbini. Kuna darasa.

Akaondoka katikati ya barabara, si kando ya ukuta. Hakucheza, alitembea tu, lakini benchi zima liligeuza shingo kuufuata mwendo ule. Mwanga wa mchana ulikuwa umelala njia nzima, naye akaukanyaga bila haraka.

Alipofika kona ya posta alisikia nyayo nyuma yake, nzito, zisizo na mpangilio, za mtu aliyezoea kukaa. Aliijua pumzi ile. Hakugeuka. Alipunguza mwendo tu.