Chali Anatafuta Mtu wa Kusimama

Kijiwe chetu cha Kichangani kina benchi moja, birika moja la kahawa chungu na wataalamu wa kila kitu. Jioni ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Uluguru mpaka chini na wateja hakuna. Tulikuwepo wanne. Mimi, muuza kahawa. Mzee Dadi, mlinzi mstaafu, tunamwita Kirungu. Issa muuza dawa za mifugo, tunamwita Dokta. Na Yunusi fundi baiskeli. Huyu tunamwita Chali, kwa sababu katika mchezo wake wa mieleka, jiujitsu, anapigana akiwa amelala chali. Alikuwa akicheza na Altaf wa duka la vitambaa, mpaka familia ya kina Altaf ilipohamia Dar. Sasa alikuwa ametandika gunia mbele yetu, kalala, miguu juu, kashika koti la mazoezi aliloachiwa na Altaf.

— Hii inaitwa gadi wazi, akasema Chali.

Mzee Dadi akaweka kikombe chini.

— Mimi nimekuwa gadi maisha yangu yote. Geti wazi, halafu nimelala? Si ningefukuzwa siku hiyohiyo!

— Siyo gadi wa getini, mzee wangu. Gadi ni miguu. Ukimfunga mwenzako kiunoni kwa miguu, gadi imefungwa. Ukiifungua, ndiyo gadi wazi.

— Yaani umemfungulia mwizi.

— Sikiliza basi. Unashika mikono ya koti lake, yote miwili. Nyayo unaziweka nyongani kwake. Akija, unamsukuma. Akirudi nyuma, unainuka naye. Kila anachotaka kufanya unakisikia kwenye nyayo.

— Akikuzunguka pembeni? akauliza Dokta.

— Nazungusha nyonga, tunatazamana tena. Kosa ni kuachia vyote. Ukiachia mikono na miguu kwa pamoja, hapo huna gadi. Umelala tu.

Dokta akatikisa kichwa kama anamwandikia ng'ombe dawa.

— Hatari hiyo. Ng'ombe akilala chali tumbo linajaa gesi, anakufa. Binadamu gesi inapanda kichwani. Ndiyo maana mabondia wanasimama.

— Na ndiyo maana Altaf kahama! akadakia Mzee Dadi. Kasukumwa na hizo nyayo, kidogo kidogo, mpaka Dar!

Tukacheka. Chali hakucheka.

— Chumbani nakivalisha kiti hili koti, akasema. Nashika mikono, naweka nyayo. Lakini kiti hakivuti. Nikikisukuma kinaanguka, nainuka, nakisimamisha mwenyewe, nalala tena. Jamani, nahitaji mtu mmoja tu. Asimame hapa, anivute. Hata leo tu.

Roho iliniuma. Tangu mke wangu Asia afariki, nami nyumbani naongea na sufuria. Lakini nikajifanya napuliza mkaa.

— Funga kamba kwenye nguzo ya umeme, akasema Dokta. Nguzo haichoki.

— Nguzo haitembei! Tafuta beberu, akasema Mzee Dadi. Beberu anavuta kweli. Mvalishe koti.

— Beberu wa Turiani ndio wazuri, wanakula miwa, akadakia Dokta.

— Atalitafuna koti.

— Basi avae la plastiki!

Wakaanza kubishana aina ya plastiki. Chali miguu bado iko juu, imeanza kutetemeka.

Akatokea dada mmoja mwenye mwavuli, Felista, mwalimu aliyepanga nyumba ya jirani wiki ile.

— Shikamoo mzee. Habari zenu. Huyu kaka anaumwa?

— Marahaba. Haumwi, hiyo ni gadi wazi! akasema Mzee Dadi, kifua mbele.

— Unashika koti la mtu, akaeleza Dokta.

— Nyayo nyongani kwake, nikaongeza mimi, mtaalamu ghafla.

— Akija unamsukuma, akirudi unainuka naye!

Felista akamtazama Chali, akalitazama koti, halafu akatutazama sisi mmoja mmoja.

— Nimeelewa. Na huyo mtu ni nani?

Dokta akachungulia kikombe chake. Mzee Dadi akaanza kusugua goti, lile ambalo huwa haliumi. Felista akaokota kikombe kitupu benchini, akanisogezea, akisubiri jibu na kahawa.

— Kahawa imekwisha, dada, nikasema.

Birika lilikuwa bado zito mkononi mwangu. Chali akaachia mkono mmoja wa koti, akaachia wa pili, akashusha miguu. Hakuinuka. Alilala tu pale kwenye gunia, na manyunyu yakaanza.