Kijiko Ukutani

Hivi wewe, jirani akihama bila kukuaga, utamsahau? Mama mmoja mbele yangu kwenye basi hakuweza. Alimwambia fundi cherehani aliyekaa naye: "Mgodi ulipofungwa, wale wageni waliokuja kuchimba walipakiwa kwenye lori, mimi niko kisimani. Na mama mmoja wao, wa chumba cha pili, tulikuwa tukigongeana ukuta kwa kijiko, chai ikiwa tayari. Niliporudi nikagonga wee, kimya. Tukabaki mimi na popo."

Fundi akacheka. "Dada, wale walifuata dhahabu, si chai yako!"

Mdomo uliniwasha, nikasogea mbele nisikie vizuri.

"Basi jana ukuta uligongwa, ni yeye," akasema mama. "Kazeeka, lakini kugonga kwake ni kulekule. Natoka kumsindikiza."

Basi likasimama. Fundi akauliza: "Kakuletea nini?"

Mama akashusha pumzi. "Sikutaka kitu, kaka. Nilitaka aniage, na leo ameniaga."