Mama Agripina na Kidonge Kilichoelea Magoma

Mama Agripina amekaa kwenye dirisha la dawa la kituo chetu cha afya, hapa Korogwe, kwa miaka thelathini na moja. Tarehe 30 Juni anastaafu. Ninayeandika ni dereva wa kituo. Barabara ya Korogwe hadi Handeni naijua hata nikisinzia, kona zake huniamkia shikamoo, kwa hiyo wenzangu walisema hakuna anayefaa kumwelezea kama mimi. Sikubishana nao.

Alianzia kwao Mkata, kisha akahamishiwa huku. Sauti yake ni ya polepole, kama mtu anayesimulia ndoto, na wagonjwa husahau kwamba wako kwenye foleni. Siku moja alinieleza dawa ya minyoo kwa upole mpaka minyoo yangu ikaondoka kabla sijameza.

Lakini safari ya kijijini Magoma haina mfano. Mzee Habakuki wa huko alikuwa na kisukari na kidonda cha mguu kilichogoma kupona, na daktari alishaanza kutaja kukata. Akapewa kidonge cha aina mpya, kinachokaa tumboni saa nyingi kikitoa dawa kidogo kidogo. Sukari haikushuka, tumbo likamvuruga, mzee akaapa hamezi tena. Mama Agripina akaniambia niwashe gari.

Tulipofika, kumbe Pendo, mke wa mtoto wa mzee, alikuwa akikitwanga kidonge kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu na kukikoroga kwenye uji. Kwao mzee hapewi kitu kigumu, ndiyo heshima. Basi dawa yote ilimwagika tumboni kwa mkupuo, ikapita zake.

Mama hakumgombeza mtu. Aliomba glasi ya maji, akakamulia ndimu yachachuke kama ya tumboni, akadondosha kidonge. Kikazama. Tukangoja. Kikavimba, kikatoa vipovu, kikapanda taratibu mpaka juu, kikatulia kama yungiyungi kwenye Mto Pangani siku isiyo na upepo. Kuku waliacha kudonoa. Hata mbuzi alisogea kutazama, na msinibishie, nilikuwepo.

"Yaani wewe Agripina unataka nitembee na mtumbwi tumboni?" mzee akauliza.

Akajibiwa ndiyo, baba, na mtumbwi hauelei penye ukavu: jioni ale ashibe kwanza, akimeze kizima kwa maji mengi, asikimbilie kulala. Pendo, aliyekuwa amejiinamia, akaambiwa heshima yake iko palepale, ila kinu akirudishie vitunguu saumu vyake. Mzee akameza tukimwangalia. Miezi ikapita, sukari ikatulia, kidonda kikafunga, na habari ya kukata haikutajwa tena.

Mama, asante. Unarudi Mkata kwenye mihogo yako. Tunakuombea usingizi mtamu na majirani wasiokugongea mlango kuulizia dawa. Mzee Habakuki amekataa lifti yangu, mimi dereva ninayegombewa na wilaya mbili. Anasema siku ya kuondoka kwako atakusindikiza mpaka stendi kwa miguu yake, yote miwili.